Kipimo cha jeni, daftari au dawa: mzazi wa Nairobi aanzie wapi?

Mkono wa kulia wa mwanangu una sugu. Iko pale kidole gumba kinapoungana na kiganja, nene kama ya mtu aliyeshika jembe miaka ishirini, ila haikuletwa na jembe. Imeletwa na meno yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka 6 aliung'ata mkono huo hadi ngozi ikapasuka, na majirani wa ploti yetu Umoja walikuwa na majibu yao tayari: ukaidi, kukosa kiboko, mkono wa mtu. Sasa ana miaka 14. Tulijua ana Fragile X, hali ya jeni inayorithiwa kwenye ukoo, alipokuwa na miaka 11.

Tangu hapo wazazi wenzangu huniuliza jambo lile lile nje ya geti la shule, mtoto akiwa amemshika mama nywele au amelala chini hataki kuinuka. Hela iliyopo ni ya kitu kimoja. Je, iende kwenye kipimo cha jeni, kwa mtu wa kuchunguza tabia, au kwa daktari aandike dawa? Nimeziweka njia hizo tatu sako kwa bako hapa, pamoja na yale ambayo utafiti umeonyesha na yale ambayo nyumba yangu imenifunza. Mimi naegemea ile ya kuchunguza tabia, ambayo naiita daftari kwa sababu huandikwa humo kila siku kilichotokea. Lakini kuna watoto ambao kwao jibu langu ni kosa, nao nitawataja.

Maombi sitayaweka kwenye mizani hii, maana mimi mwenyewe huomba. Ninachokataa ni mtoto kufungwa kamba au kuchapwa eti pepo atoke.

Mwili kwanza, kabla ya yote matatu

Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mkono na kichwa. Hili si dhana. Watoto wenye hali ya jeni iitwayo Cornelia de Lange wanajulikana kwa kujiumiza, na wengi wao wana asidi inayopanda kutoka tumboni hadi kooni. Kiungulia cha usiku kucha kingemfanya hata mtu mzima apige ukuta. Mwenye Down anaweza kuwa mkali au mzito mchana kwa sababu anakoroma na kukatika pumzi usiku, au tezi ya shingo imelegea, au masikio yamejaa majimaji na hasikii unachomwambia. Kuna binti wa Kayole aliyekuwa akijipiga kofi sikio la kushoto. Wiki nzima aliitwa mtundu, mpaka usaha ukatoka.

Kwa hiyo pitia meno, masikio, koo, choo kigumu, usingizi, na kwa wasichana waliobalehe, siku za mwezi. Zahanati ya mtaani inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Usipofanya hivyo, hela zote utakazotumia baadaye zitakuwa zinazunguka jino bovu.

Njia ya kwanza: kipimo cha jeni

Kazi kubwa ya kipimo ni kukupa jina, na jina hubadilisha namna unavyomsoma mtoto. Daktari William Nyhan ndiye aliyelipa uzito wazo hili mwaka 1972, aliposisitiza kwamba hali fulani za jeni huja na tabia zake, kama zinavyokuja na umbo la uso. Alikuwa ameona wavulana wanaong'ata midomo na vidole vyao hadi kuvikata, huku wakilia wafungwe mikono wasijiumize. Ukilijua hilo huwezi tena kumwambia mtoto wa namna hiyo "acha" ukatarajia aache.

Chukua hali iitwayo Prader-Willi, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1956. Inatokana na sehemu ya kromosomu 15 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) iliyotoka kwa baba kukosekana au kutofanya kazi. Mtoto huzaliwa mlegevu, hawezi hata kunyonya vizuri, na mama huambiwa hana maziwa. Miaka michache baadaye mambo hugeuka, akawa hashibi. Ubongo wake haupokei habari kwamba tumbo limejaa. Ataamka usiku ale unga mkavu, atafungua sufuria ya jirani, ataokota chapati iliyoanguka jikoni. Mzazi asiyejua humwita mwizi. Mzazi anayejua hununua kufuli ya kabati, hupanga saa za chakula zisizobadilika, na huacha kumgombeza kwa njaa ambayo si ya kujitakia. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyolenga njaa hiyo, lakini kufuli na ratiba bado ndizo nguzo.

Wenye hali hiyo hiyo hupandwa na hasira kali mpango unapobadilika ghafla. Watafiti wa Uingereza, Kate Woodcock na Chris Oliver miongoni mwao, waliihusisha hasira hiyo na ubongo unaopata shida kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Kwa mzazi maana yake ni nyepesi. Ukisema tunaenda Gikomba halafu ukapitia kwa shangazi, umemvunja. Mwambie mapema, kwa ishara ile ile kila mara, kwamba leo kuna badiliko.

Kromosomu ile ile ya 15 ikipata hitilafu upande wa mama, hali ni nyingine kabisa: Angelman. Mtoto hutabasamu na kucheka sana, halali vizuri, wengi wana kifafa, na hupenda maji mno. Zamani ilidhaniwa kicheko kile hakina maana. Oliver na wenzake walipochunguza kwa makini, waliona kinaongezeka mtu anapomwangalia na kuongea naye. Mtoto huyo anatafuta watu. Akikushika nywele na kuvuta, mara nyingi anakuomba usiondoke, na ukipiga kelele ukimkazia macho umempa hasa alichokuwa akikitaka.

Kuna pia Smith-Magenis, ambayo inanigusa kwa sababu ya akina mama niliowaona wamechoka mpaka hawasikii wakiitwa. Melatonini, ile homoni ya mwili inayoleta usingizi, kwa watoto hawa hupanda mchana na kushuka usiku. Saa yao ya ndani imegeuzwa. Unaweza kumlaza saa mbili kwa ukali wote wa duniani, saa tisa usiku atakuwa anafungua mabomba. Jina likijulikana, daktari ana njia za kujaribu kuirekebisha saa hiyo. Lisipojulikana, familia nzima huendelea kulaumiana.

Na jina ni la ukoo mzima. Baba yangu alipopita miaka 60 alianza kutetemeka mikono na kuyumba akitembea. Tulisema ni uzee. Fragile X husababishwa na kipande cha herufi za jeni kinachojirudia mno kwenye kromosomu X. Kikirudiwa zaidi ya mara 200, jeni hiyo, FMR1, hujifunga. Marudio ya kati, kati ya 55 na 200, hayamletei mtu ulemavu wa akili, lakini mwanamume anaweza kutetemeka na kuyumba uzeeni, na mwanamke anaweza kukoma hedhi mapema. Baba ana X moja tu ya kugawa, na kila binti huipata. Kwa hiyo mimi na dada zangu wawili sote tumeibeba. Mmoja wao alikuwa hajazaa. Aliambiwa kabla, akaamua akiwa anajua.

Sasa upande wa pili. Mwanangu alipokuwa na miaka 8 tulilipia kipimo katika kliniki moja hapa jijini, tukaambiwa jeni zake ziko sawa. Kilichokuwa kimefanywa ni kuhesabu kromosomu. Hiyo huona Down, kwa sababu kuna kromosomu ya 21 ya ziada, lakini Fragile X haionekani humo. Hata kile kipimo kikubwa zaidi kiitwacho maikroarei, kinachotafuta vipande vilivyokatika au kuongezeka, huikosa. Fragile X inahitaji kipimo chake cha FMR1, na Prader-Willi na Angelman zina chao cha kuangalia alama za kemikali zinazoonyesha upande upi wa kromosomu 15 umezimwa. Miaka mitatu ilipotea hivyo. Kabla hujalipa, uliza maswali haya kwa sauti: mnatafuta hali gani hasa? Kipimo hiki hakiwezi kuona nini? Sampuli inapelekwa wapi, na nani atakaa na mimi anieleze majibu? Madaktari bingwa wa jeni nchini ni wachache sana, na karatasi ya majibu bila mtu wa kuisoma itakutesa zaidi ya kutokujua.

Kuna tatizo jingine linalotuhusu sisi Waafrika. Hazina za kumbukumbu za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Mtoto wetu akipimwa kwa upana, uwezekano wa kupata jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake" ni mkubwa zaidi. Ndiyo sababu nafuatilia kwa matumaini utafiti wa NeuroDev, unaokusanya taarifa za jeni na ukuaji wa watoto huko Kilifi na Cape Town. Ukialikwa kwenye utafiti wowote wa namna hii, uliza kama majibu ya mtoto wako yatarudi kwako. Tafiti nyingine hurudisha, nyingine hazirudishi, na una haki ya kujua kabla ya kutia sahihi.

Njia ya pili: daftari

Jina halikuambii kwa nini leo Jumanne saa moja na nusu asubuhi. Kazi hiyo ni ya daftari.

Mzizi wa njia hii ni kazi ya Brian Iwata na wenzake, iliyotoka mwaka 1982. Waliwaangalia watu wanaojiumiza katika hali mbalimbali: wakipewa kazi ngumu, wakipuuzwa kisha kuangaliwa pale tu wanapojiumiza, wakiachwa peke yao, na wakichezeshwa bila kudaiwa kitu. Tendo lile lile lilikuwa na sababu tofauti kwa watu tofauti. Mwaka 1994 walichapisha uchambuzi wa visa 152. Takriban asilimia 38 walikuwa wakijiumiza ili kukwepa jambo, asilimia 26 ili wapate macho ya watu au kitu, na wengine wapatao asilimia 26 kwa sababu tendo lenyewe liliwapa kitu mwilini.

Fikiria maana yake darasani. Mtoto anagonga kichwa kwenye dawati, mwalimu anamtoa nje. Kama alitaka kuonekana, huenda akaacha. Kama alikuwa akikimbia hesabu, mwalimu amemlipa mshahara, na kesho atagonga kwa nguvu zaidi. Adhabu moja, watoto wawili, matokeo kinyume.

Mimi nilichukua daftari la shule la kurasa 48 nikachora mistari mitatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Pembeni saa na mahali. Kwa wiki mbili sikumrekebisha chochote, niliandika tu, na kuandika bila kuingilia ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kilichojitokeza kilinishangaza. Nilidhani anang'ata mkono kwa sababu hataki shule. Kumbe asubuhi alizong'ata zilikuwa zile za manyanga, zile matatu za muziki mzito unaotetemesha viti, makanga akigonga bodi ya gari kwa kiganja na kuita abiria. Siku tulizopanda gari kimya alishuka shuleni mkono ukiwa mkavu.

Mahali pa pili palikuwa nje ya kanisa. Kwetu mtoto humsalimia mkubwa kwa mkono, akimwelekea. Shangazi zake wanampenda, kwa hiyo walimshika kidevu: "Shikamoo iko wapi? Hebu niangalie nikuone." Katika Fragile X kukutana macho kwa macho kunaweza kuupandisha mwili joto kama kukurupushwa na mbwa. Yeye hugeuka pembeni ili aweze kubaki pale. Tulimzuia kugeuka, akabaki na mkono wa kung'ata.

Kwa hiyo jina na daftari vilikutana. Jina liliniambia kelele na macho ni mzigo kwa watoto wa aina yake, nalo daftari likanionyesha ni kelele zipi na ni macho ya nani. Tulianza kutembea hadi stejini ya nyuma tupate gari tulivu, nikamnunulia vifunika masikio vya mafundi wa vyuma, na nikamwambia shangazi mkubwa, kwa heshima zote, "Msalimie ukiwa umekaa kando yake, mama, atakupa mkono mwenyewe." Ilichukua Jumapili tano. Ya sita alimpa.

Hatua inayofuata kwenye njia hii ni kumpa mtoto neno la kubadilishana na tendo. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto akifundishwa njia nyingine ya kupata kile kile anachokitafuta, kama vile kuomba msaada au kuomba aangaliwe, fujo hupungua. Wetu ana kadi ya plastiki yenye picha ya kiti. Akiitoa, tunapumzika. Siri ni kuiheshimu kila mara mwanzoni, hata ikiwa mbele ya geti na umechelewa. Ukiipuuza mara tatu, atarudi kwenye njia isiyopuuzwa.

Udhaifu wa daftari? Linahitaji mtu mwenye muda na utulivu, na mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Industrial Area hana vyote viwili. Nyanya, dada wa kazi na mwalimu lazima waandike kwa namna moja. Tena haifai wewe peke yako ujaribu kuchochea tendo la hatari ili ulichunguze. Mtoto anayejipiga macho au kugonga kichwa kwa nguvu anahitaji mtaalamu tangu siku ya kwanza. Pale KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, kuna kituo cha tathmini, na vituo vya tathmini ya elimu vimekuwepo nchini tangu miaka ya 1980. Nenda na daftari lako. Utasikilizwa tofauti na mtu anayesema tu "ananisumbua".

Njia ya tatu: dawa

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa uamuzi si wangu wala wako peke yako.

Dawa inayoandikwa sana ni risperidoni. Mwaka 2002 ilijaribiwa Marekani kwa watoto 101 wenye usonji na hasira kali, kwa wiki 8. Asilimia 69 ya waliopewa dawa walionyesha nafuu kubwa, dhidi ya 12 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huo ni ushahidi mzito. Lakini kwa wiki hizo 8 waliomeza dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7, na wenzao kilo 0.8. Mpe mtoto wa Prader-Willi ongezeko la namna hiyo bila kumchunga, umempa ugonjwa wa pili.

Weka utafiti huo kando ya mwingine, wa Peter Tyrer na wenzake uliochapishwa mwaka 2008. Walichukua watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili na tabia ya kushambulia, wakawagawia risperidoni, haloperidoli, au kidonge kitupu. Baada ya wiki 4 makundi yote yalikuwa yametulia, na lililotulia zaidi ni la kidonge kitupu. Watoto wa usonji wenye hasira kali si sawa na watu wazima wenye ulemavu wa akili kwa jumla, na ndiyo maana daktari anayekuandikia bila kuuliza mtoto ni nani na hufanya nini lini, anakisia.

Dawa ina mahali pake. Kifafa lazima kitibiwe. Wasiwasi mkubwa hutibika. Na kuna nyumba ambazo mtu ataumia wiki hii kama hakuna kitu cha kutuliza. Ukikubali, dai mambo matatu: tabia gani hasa tunaipima, tunaipima vipi, na tarehe gani tunakaa kuamua iendelee au iachwe. Mizani ya uzito itumike kila mwezi. Usiiache ghafla peke yako. Na tafadhali, dawa ya maji ya mafua inayopewa mtoto ili asinzie jioni haihesabiki kama matibabu. Humwacha na kichwa kizito asubuhi na sababu yake ikiwa pale pale.

Zikiwekwa pamoja

Kwa bei, daftari halina mshindani. Kipimo cha jeni hulipwa mara moja, na jibu lake hudumu maisha yote. Dawa huonekana nafuu mwezi wa kwanza, kisha unalipa kila mwezi, pamoja na vipimo vya damu. Kwa kasi, dawa hutangulia, daftari hutaka wiki kadhaa, na jeni huenda kwa mwendo wa maabara. Kwa kumsaidia mtoto kesho asubuhi stejini, jeni peke yake haifanyi kitu. Kwa kuwasaidia dada zako na watoto watakaozaliwa, ni jeni tu inayoweza.

Hivyo mwenye hela ya kitu kimoja, mtoto wake akiwa na miaka zaidi ya mitano, anakua, hana kifafa wala historia kwenye ukoo, namwambia achunguze mwili kisha anunue daftari, hela iliyobaki aiweke akiba ya kipimo.

Wafuatao waruke foleni waende kwenye jeni kwanza. Mtoto aliyezaliwa mlegevu asiyeweza kunyonya, ambaye sasa hashibi. Mtoto anayecheka sana, hana maneno, na ana degedege lisilo la homa. Anayeng'ata midomo na vidole hadi kukata nyama, hasa kama nepi zake zilikuwa na chembe za rangi ya machungwa kama mchanga, maana hiyo ni asidi ya yuriki, na kipimo cha damu cha kawaida kinaweza kuanza kuonyesha njia. Anayelala mchana na kukesha usiku tangu akiwa mdogo, na hujikumbatia akifurahi. Na mvulana aliyechelewa kusema, anayekwepa macho na kung'ata mkono, ambaye ana mjomba aliyekuwa "hivyo hivyo", au babu wa upande wa mama anayetetemeka.

Huyu wa mwisho, omba kipimo cha FMR1 kwa jina. Liandike kwenye kikaratasi ukiwa bado nyumbani, na ukifika dirishani mpe karani akisome, ili usitoke na karatasi ya kipimo kingine kama nilivyotoka mimi.